Tansy Kwenye Handaki la Beadle

Jumamosi tarehe 9 Februari 2008, saa nne na nusu asubuhi, mbwa wangu Tansy aliingia shimoni akimfukuza mbweha, na leo Ijumaa bado hajatoka.

Nasema mbwa wangu, lakini alikuwa wa Muriel, mke wangu. Muriel ndiye aliyemleta nyumbani akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya kofia yangu ya mgodini, ndiye aliyempa jina, na ndiye aliyekuwa akipanda naye kilimani kila Jumamosi. Muriel alipofariki, mwaka juzi, mbwa alikaa mlangoni Jumamosi ya kwanza akanikodolea macho mpaka nikavaa buti. Tangu hapo tumekuwa tukipanda kilima hicho cha Blea sisi wawili.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ukuta wa juu wa malisho. Blea ikiwa na ukungu husikii kitu, ila kwale wakilalamika vichakani na maji yakipita chini ya udongo mweusi. Watu wa mjini wakija huku na zile fimbo zao mbili mbili husema, loo, pametulia hapa. Pametulia kwa sababu mmefunga kila kitu, ndivyo ninavyotamani kuwajibu. Nilipoacha shule nikiwa na miaka kumi na tano kilima hiki kilikuwa kinanguruma kwa ndani. Babu zetu walichimba madini ya risasi. Sisi tulichimba yale mawe ya zambarau yaliyotakiwa na viwanda vya chuma. Mwaka tisini na tisa wakubwa waliokuwa hawajawahi kuchafua hata kucha wakaamua kwamba mawe ya mbali ni nafuu, basi, ikawa imekwisha. Kila mmoja wetu alipewa barua. Yangu walikosea jina.

Tulikuwa tumefika kwenye vifusi vya Beadle. Ni marundo ya mawe ya zamani, nyasi hazijakubali kuota juu yake hata baada ya miaka mia moja. Mbweha akachomoka nyuma ya rundo, na Tansy nyuma yake. Yeye ni wa ile aina fupi yenye manyoya magumu kama brashi, ambayo huku kwetu imefugwa tangu zamani kwa kazi ya kuingia mashimo, kwa hiyo kumwita ilikuwa kupoteza pumzi. Niliita hata hivyo. Chini ya rundo palikuwa na tundu la upana wa ndoo. Mbweha akapotea humo, mbwa akapotea humo.

Kisha nikasikia mawe yakiteremka kwa ndani. Mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi huusikia mlio ule tumboni kabla ya masikioni. Yaliteremka kwa muda mrefu. Tundu likajaa, vumbi kidogo likatoka likachanganyika na ukungu, halafu kimya. Halafu, chini kabisa, mbali, nikamsikia akibweka.

Nilichimba kwa mikono mpaka vidole vikatoka damu, ndipo akili ikanirudia nikateremka kwa Alf.

Alf Coulthard ni jirani yangu. Tulifanya kazi bega kwa bega miaka ishirini na miwili, na mapafu yake ni mapafu ya mchimbaji: akitembea unamsikia kabla hujamwona. Nilimkuta akila mkate na mafuta ya nyama.

"We Ridley, vipi? Unaonekana kama maiti iliyofukuliwa."

"Tansy ameingia chini. Kwenye vifusi vya Beadle. Kumeporomoka."

Aliuweka mkate. "Anabweka?"

"Anabweka."

"Basi yu hai. Beba mtaimbo, mimi nabeba nyundo. Na usikimbie, mzee mwenzangu, ukinilazimisha kukimbia utakuwa na wawili wa kuwazika."

Hatukurudi kuchimba juu. Wote wawili tunajua kilichoko chini ya vifusi vile. Wazee walikuwa wakipanga mawe yasiyo na madini juu ya magogo, juu ya dari la njia, badala ya kuyatoa nje. Magogo yale sasa ni ya miaka mia mbili. Ukigusa jiwe moja pale juu unaweza kuliangusha rundo zima. Dawa ilikuwa kuingia kwa mlango, kwenye handaki la Beadle lenyewe, ambalo mdomo wake uko chini kwenye kijito. Ni handaki la kimo cha farasi mdogo, limenyooka, na tulipokuwa watoto tuliingia humo na mishumaa. Kutoka mlangoni mpaka chini ya vifusi ni mwendo wa dakika kumi na tano.

Lakini miaka mitano iliyopita watu wa ofisi ya kulinda popo waliweka lango. Vyuma vinene vya kulala, na nafasi kati yake ya kupitisha bawa la popo, si bega la mtu. Na kufuli. Popo wanalala humo kuanzia Novemba mpaka Aprili, na sheria inasema wasisumbuliwe. Sisi tulipofukuzwa humo hakuna aliyetuandikia sheria.

"Gonga," Alf aliniambia.

Ndani ya handaki kuna reli ya zamani ya vigari vya madini, na ncha yake moja inatokeza nje kupitia chini ya lango. Chuma hubeba sauti. Huko chini tulikuwa na desturi, na kila mtu aliijua tangu siku ya kwanza kazini. Mwenzako akifungiwa na maporomoko, unagonga reli au bomba mara tano, unasubiri, unagonga tena tano. Maana yake ni moja tu: tulia hapo ulipo, tunakuja. Anayesikia hatakiwi kuzurura gizani akitafuta njia, maana ndivyo watu wanavyopotea na kuanguka mashimoni. Anakaa, anajibu, anasubiri. Na aliye nje haachi kugonga mpaka mtu atoke.

Nikagonga tano. Tukasubiri. Tansy akabweka.

"Anajibu!" Alf alinipiga mgongoni. "Huyu angefaa zamu yetu kuliko yule Peart mvivu."

Mchana wa siku hiyo walikuja watu wa zimamoto, vijana wenye adabu. Wakatazama lango, wakatazama vifusi, wakasema hawaruhusiwi kuingia mgodi wa zamani. Wakawapigia watu wa uokoaji wa mapangoni, ambao ni watu wa kujitolea na walikuwa tayari kuja, ila hawawezi kukata lango la popo bila kibali. Kibali kinatoka ofisini. Ofisi hufunguliwa Jumatatu.

Jumapili niligonga tangu saa moja asubuhi. Kwa muda sikumsikia kabisa, nikagonga kwa nguvu zaidi, mpaka nyundo ikawa inaruka mkononi. Alf alisema pumzika, nikakataa. Ilipofika saa tano hivi akarudi, akibweka kwa nguvu, karibu zaidi kuliko jana. Tulifurahi kama wajinga. Alf alimimina chai ya chupa tukanywa tumesimama, naye akawa anaimba kupitia lango, "Kaa hapo hapo binti, wazee wanakuja!"

Jumatatu nikashika simu. Kwenye ofisi ya popo nikampata Bi. Lister, mwenye sauti laini, nikamwambia mimi ni Ridley Nattrass na nataka lango lifunguliwe.

"Popo wamelala, Bwana Nattrass."

"Waamshe."

"Wakiamka Februari hawana chakula, wanakufa."

"Na mbwa wangu je? Ana chakula?"

"Ninaelewa unavyojisikia. Lakini hata ningekupa kibali, kufuli si letu. Tulilikabidhi kwa mwenye kilima."

Mwenye kilima simjui. Anakuja Agosti kupiga kwale na wageni wake. Nikampata mlinzi wake wa kwale, Dent, kijana niliyemjua tangu akitambaa.

"Mzee Ridley, nisikilize. Lango ni letu, ndiyo. Kufuli ni la watu wa popo."

"Wao wanasema ni lenu."

"Basi watakuwa wamekosea."

"Kwa hiyo kufuli limejifunga lenyewe?"

"Usinifokee mimi, mzee. Mimi natunza ndege."

Jumanne nikaenda na msumeno wa chuma. Najua watu wanasema kwa nini hukufanya hivyo Jumamosi. Miaka thelathini na moja nilifundishwa kutoingia popote bila ruhusa ya msimamizi, na mafunzo hayo hayatoki na nguo za kazi. Isitoshe msumeno haukufaa kitu. Vyuma vile ni vya aina ngumu, waliichagua makusudi. Nilivunja bleidi nne, na nilichopata ni mkwaruzo ambao ningeweza kuufuta kwa mate. Dent alitokea akanipiga picha kwa simu yake, akiomba radhi. Baada ya chakula cha mchana polisi akaja nyumbani, naye akaomba radhi. Katika wiki hii nimeombwa radhi mara nyingi kuliko maisha yangu yote.

Hata siku ya Muriel walikuja na radhi. Alianza kuumwa kifua saa tisa alasiri, theluji ikianguka. Hospitali yetu ndogo ya bondeni walikuwa wameifunga mwaka uliotangulia, kwa hiyo gari la wagonjwa lilitoka mjini, likazunguka milima yote. Lilichukua saa mbili na dakika kumi. Alf alikuwa na gari lake mlangoni, injini inawaka, anasema tumpakie twende. Mimi nikasema hapana, wamesema kwenye simu asisogezwe, wako njiani. Nilimshika mkono nikamwambia, tulia, mama, wanakuja. Akatulia. Maisha yake yote hakuwahi kunitii, alinitii siku hiyo.

Jumatano saa tatu asubuhi lango lilifunguliwa. Sijui ufunguo ulitoka wapi, hakuna aliyesema. Alikuja Bi. Lister mwenyewe, mwembamba, na kofia ngumu ya manjano iliyomzidi kichwa, pamoja na waokoaji wanne. Nikavaa kofia yangu ya kazi, nikawasha taa.

"Samahani, Bwana Nattrass," alisema. "Wewe utabaki nje."

"Mimi?"

"Ni mambo ya bima. Kofia yako haina cheti."

Alf akacheka mpaka akakosa pumzi, tukamkalisha kwenye jiwe. "Haina cheti! Bibie, kofia hiyo imeangukiwa na nusu ya kilima hiki!"

Hakuna aliyecheka naye. Wakaingia. Mimi nikasimama nje ya handaki ambalo ningeweza kutembea ndani yake nikiwa nimefumba macho, nikimsikiliza Bi. Lister akihesabu popo kwa sauti ya chini. Walikuwa kumi na mmoja.

Walirudi baada ya saa moja. Kijana wao mkubwa, mwenye ndevu, alinieleza taratibu. Dakika kumi na tano ndani, chini ya vifusi, dari limeshuka na kuziba njia. Ni maporomoko mapya, ya Jumamosi. Juu kuna upenyo mdogo wa kupitisha mkono. Walipitisha kamera kwenye fimbo, wakaona upande wa pili.

"Hatukumwona yeye," alisema. "Lakini tumeona nyayo kwenye tope. Nyingi. Anakuja mpaka kwenye mawe, anarudi ndani kabisa, anakuja tena. Amefanya kinjia."

"Mawe hayo watu wanne wanayatoa kwa nusu siku," nikamwambia. "Mnaweka magogo mawili, mnaanzia juu."

Alimtazama Bi. Lister. Bi. Lister akasema dari si salama, lazima mhandisi alikague kwanza. Mhandisi atapatikana wiki ijayo, au ile nyingine. Kisha wakafunga lango, wakaning'iniza na karatasi ndani ya plastiki, yenye nambari ya kupiga simu.

Tulikuwa bado tumekaa pale, mimi na Alf, aliposhuka Hetty Raine. Hetty anafuga kondoo upande wa pili wa Blea, bonde la kaskazini, mwanamke wa miaka hamsini mwenye mikono kama ya mhunzi. Habari za upande wetu huchelewa kufika kwao, mlima uko katikati.

"Ridley, wanasema unatafuta mbwa."

"Ndiyo."

"Mdogo? Rangi ya mkate ulioungua?"

Nikasimama.

"Jumapili asubuhi nilimsikia," alisema. "Kwenye ule mfereji wa kutoa maji ya mgodi, pale chini ya zizi langu. Nilidhani umeziba tangu enzi za baba. Nikainama, nikaona pua. Pua, Ridley! Urefu wa mkono mmoja na nusu tu ndani. Kulikuwa na jiwe limemzibia njia asitoke. Nikakimbia nyumbani kuchukua mtaimbo, sikukaa hata robo saa. Niliporudi alikuwa ameshageuka, amerudi ndani. Nikaita wee, hakuna. Nikasema labda ana mwenyewe anayemwita."

"Saa ngapi hiyo?" Alf aliuliza, ingawa alishajua. Niliona uso wake.

"Saa tatu na nusu. Karibu saa nne."

Saa ile nilikuwa nagonga mpaka nyundo inaruka.

Mtu akisikia reli anakaa pale alipo. Mbwa hajui desturi zetu. Mbwa akisikia mlio wa bwana wake anaufuata. Alikuwa amevuka kilima kizima gizani, peke yake, kwa akili yake mwenyewe, amefika mahali penye mwanga, pua yake iko kwenye hewa ya Februari. Nami nikamvuta nikamrudisha kwenye mawe, kwa mkono wangu huu, na nikanywa chai kwa furaha.

"Hukujua," Hetty alisema.

"Wangefungua Jumamosi asingekuwa na haja ya kuvuka popote," nikasema. Na ni kweli. Nitalisema hilo mbele ya yeyote. Lakini halikunisaidia kitu.

Jana, Alhamisi, nilivuka mlima kwenda kwa Hetty. Lile jiwe ameshaling'oa, na mfereji sasa una upana ambao mbwa wa kimo cha Tansy atapita bila kukwaruza mgongo. Niliita mpaka sauti ikakauka. Pale hakuna reli, hakuna chuma chochote, na maji yanatoka kwa kishindo kiasi kwamba mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu. Niliweka mdomoni mwa mfereji koti la Muriel la kijani, alilokuwa akipandia mlimani, ambalo sijawahi kulifua. Nikakaa kando yake mpaka jioni. Hetty alileta supu. Mbwa hakuja.

Leo asubuhi nimerudi huku, kwenye lango. Tangu Jumatano sijagonga hata mara moja. Nimepiga magoti nikaweka sikio kwenye reli. Kwa muda mrefu ilikuwa baridi tu. Halafu nikasikia mkwaruzo, kucha juu ya jiwe, na mbweko mmoja, mdogo, kama wa mbwa anayeota. Yuko pale pale kwenye maporomoko. Hatembei tena kinjia chake. Amekaa.

Nilimwita Alf, naye akaweka sikio.

"Anasubiri," alisema. "Nyundo imemfundisha kusubiri."

"Nikinyamaza, ataona tumeondoka, atarudi kwa Hetty."

"Labda."

"Au ataona tumeondoka, atalala chini asiinuke tena."

"Labda."

"Na nikigonga?"

"Ukigonga atajua upo." Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Atajua upo, na atabaki."

"Wewe ungefanyaje?"

"Usiniulize hilo, Ridley. Ndugu yangu, usiniulize kabisa." Akageuka, akaanza kuteremka kijito, na nilimsikia akihema muda mrefu baada ya ukungu kumfunika.

Nimepiga ile nambari ya kwenye karatasi. Bi. Lister amesema hawana mwongozo wowote kuhusu jambo hilo, ila atauliza. Nimempigia yule kijana mwenye ndevu, amesema hawezi kunichagulia. Hetty anasema nyamaza, halafu anasema hajui. Zamani mgodini palikuwa na msimamizi, na hata kama alikuwa mshenzi, ilikuwa kazi yake kusema gonga au acha, na lawama ikawa yake. Wamewaondoa wasimamizi, wamebakiza kufuli.

Sasa hivi nimesikia tena kucha. Mara mbili, halafu kimya. Nimepiga magoti mbele ya reli, nyundo iko mkononi. Nigonge, au ninyamaze?